Leo Subira Atakula Nini?

Mzigo wa majani uliofungwa vizuri hauchezi kichwani. Mama alinifundisha hivyo nikiwa darasa la tatu, na mpaka leo nikimwona mtu anapanda mlima huku ameushikilia mzigo kwa mikono miwili najua umefungwa vibaya. Unaanza kwa kulaza chini kamba mbili za mgomba, zilizolowekwa kidogo ili zisikatike. Juu yake unapanga majani kwa kupishanisha, mashina huku, ncha kule, safu kwa safu, ndipo unapiga goti katikati na kukaza. Mashina yote yakilala upande mmoja, mzigo utakuvuta shingo njia nzima. Halafu unasokota ngata ya majani makavu ya mgomba, unaiweka utosini, unachuchumaa, na mwenzako anakutwika. Ukiwa peke yako unatafuta ukingo wa shamba ulioinuka, unauegemeza mzigo pale na kuingiza kichwa chini yake, kisha unainuka taratibu ukimwomba Mungu magoti yasikatae.

Kwetu ni Uru, juu ya mji wa Moshi, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Kihamba chetu, yaani shamba linaloizunguka nyumba, hakifiki ekari moja na nusu: migomba, kahawa chini yake, magimbi kando ya mfereji, miringaringa michache ya kivuli, na nyuma ya nyumba banda la ng'ombe. Wageni wakifika huuliza ng'ombe wanachungwa wapi. Hawachungwi, hakuna pa kuchungia. Ng'ombe wa mlimani hukaa bandani mwaka mzima, na kila kinachoingia tumboni mwake kimeletwa na mtu. Bibi alisimulia kwamba utotoni mwake walilala nyumba moja na mifugo, ile nyumba ya msonge, ng'ombe upande mmoja na watu upande wa pili, na hata wakati ule majani yalikuwa yakipandishwa kichwani kutoka tambarare.

Kilimo hiki cha vihamba kimepata sifa duniani. Mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu, huku huku Uru, kiliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katika orodha ya mifumo ya kilimo yenye urithi muhimu kwa dunia. Nilifurahi sana, na bado ninajivunia. Ila katika maelezo mengi niliyosoma kuhusu kihamba, ng'ombe anatajwa kwa mbolea na maziwa, migomba inatajwa, mifereji inatajwa, lakini huyu mwanamke mwenye ngata kichwani simwoni. Ndiyo maana nimeona niandike.

Nilirudi nyumbani mwaka 2017, baba alipofariki. Kazi ya uhasibu niliyokuwa nayo Dar es Salaam niliiacha, na tabia ya kuhesabu nikarudi nayo. Ng'ombe wetu anaitwa Subira, chotara wa Ayrshire, mwekundu mwenye mabaka meupe, kilo kama 400 hivi. Ng'ombe wa umbo lake anataka kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku. Mzigo wa kichwani ulioshiba ni kilo 25, ukijikaza 30. Ina maana mizigo miwili kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu, mvua na jua. Maji ni ndoo tatu hadi nne, na akiwa ananyonyesha wakati wa joto zinaongezeka. Kwa hiyo swali la kwanza la asubuhi nyumbani kwetu, kabla hata chai haijachemka, mama huliuliza akiwa amesimama mlangoni anaangalia anga: leo Subira atakula nini?

Jibu hutegemea msimu.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, jibu liko karibu. Majani yako kila mahali, kingo za mfereji, njiani, chini ya kahawa. Gwatemala, yale majani marefu ya malisho tuliyoyapanda kwenye matuta, hukua mpaka zinampita mtu. Ungedhani ndio wakati wa raha, na kwa miguu ni raha kweli, lakini masika yana tabu zake. Majani ya mvua ni maji matupu. Ng'ombe hula akajaa na bado hajashiba, kinyesi kinakuwa kama uji. Mama haachi kumchanganyia mabua makavu ya mwaka jana, na majani yaliyokatwa na umande huyatandaza kwanza yanyauke, maana ng'ombe mwenye njaa akiyavamia tumbo hujaa upepo. Sakafu ya banda haikauki. Kwato huanza kulainika na kuoza, kiwele kinalala kwenye uchafu, na ukizembea siku mbili tu unakamua maziwa yenye mabonge. Siku hizi kabla ya kukamua ninatoa matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi niyaangalie. Ni jambo la nusu dakika, na limetuokoa zaidi ya mara moja.

Halafu kuna kupe.

Nitarudi kwenye kupe, kwa sababu hapo ndipo penye jeraha langu.

Juni hadi Agosti mlima unajifunika. Wingu linashuka mpaka kwenye migomba na kuna siku jua hatulioni kabisa. Ndama hupata kichomi kirahisi msimu huu, kwa hiyo matandiko makavu ni ya lazima na upande wa juu wa banda tunaziba kwa magunia. Huu pia ni wakati wa mavuno ya mahindi kule tambarare. Familia nyingi za mlimani zina shamba la chini, na mabua ya mahindi pamoja na maganda ya maharage ndiyo akiba yetu. Zamani yalipandishwa kichwani. Mama na wenzake walikuwa wakishuka alfajiri, mwendo wa saa moja na nusu, na kupanda na mzigo kwa zaidi ya saa mbili, wakipumzika mahali palepale kila siku. Kuna jiwe moja njiani, juu limelainika kama limepakwa mafuta, na mama anasema limelainishwa na mizigo.

Njia nyingine ilikuwa ya juu, kwenye nusu maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani. Mwaka 2005 msitu wa mlima uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, na kukata majani huko kukawa si jambo la kuamka tu na mundu wako ukaenda. Msitu ule ndio unaotupa maji ya mifereji, na sipendi uharibiwe. Lakini njia ya juu ilipobana, miguu ya mama ilibidi ishuke chini mara nyingi zaidi.

Kuanzia Agosti mpaka vuli ije, mwaka unakuwa mgumu. Gwatemala zinakuwa ngumu na chache. Hapo tunakata mashina ya migomba iliyokwisha kuvunwa, tunayacharanga kwa panga, yana maji mengi na lishe kidogo sana lakini humfanya ng'ombe asilie. Tunapogoa miti ya lusina na mgrevilea. Tunanunua pumba na mashudu ya alizeti kwa kilo, na machicha ya mbege, pombe yetu ya ndizi, tukiyapata kwa jirani mwenye shughuli. Tegemeo kubwa ni mabua ya mpunga ya Chekereni, kule tambarare. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyokamilika mwaka 1987 ilikusudiwa kuleta mchele, na imeuleta, lakini kwetu sisi wa mlimani ilileta na malisho. Msimu wa kuvuna ukifika unaona magari na maguta yanapandisha barabara za Uru na Kibosho yakiwa yamebeba marundo ya mabua mpaka dereva haonekani. Mabua ya mpunga peke yake hayampi ng'ombe maziwa. Tunayanyunyizia molasi iliyopunguzwa kwa maji, tunaongeza majani ya lusina, na jiwe la chumvi halikosekani kwenye hori.

Kiangazi ndicho pia msimu wa mdondo kwa kuku. Zamani kila mwaka Septemba au Oktoba mama aliamka akakuta kuku kumi, kumi na tano, wamejikunja shingo. Tangu tuanze kuwachanja, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, na majirani wakachanja siku hiyohiyo, hatujazika kuku kwa mkupuo.

Sasa nisimulie habari za Subira mwenyewe, maana hakuwa wetu.

Alikuja Agosti 2018 akiwa mtamba, yaani jike ambaye hajawahi kuzaa, mwenye mimba, kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Wengi mnaujua. Hulipi fedha. Unajenga banda bora kwanza, unapanda majani, unahudhuria mafunzo, unapewa mtamba. Na jike wa kwanza atakayezaliwa unamlea mpaka afikie umri wa kupandwa, kisha unampa mwenzako aliye kwenye orodha. Aliyefuata baada yetu alikuwa mama mdogo wa ng'ambo ya mfereji. Hatuna undugu wa damu, ila nimemwita mama mdogo tangu nilipojua kusema. Ni mjane, ana watoto watatu, na wakati Subira anashuka kwenye gari alikuwa ameshamaliza banda lake na gwatemala zake zimeshika.

Januari 2019 Subira alizaa dume. Tulimuuza alipokua, akalipa ada na kubadilisha mabati ya jikoni. Mama mdogo alisema, "Si neno, Mungu anajua."

Aprili 2020 alizaa jike. Mama mdogo alikuja na chupa ya chai na mtori. Alikaa bandani asubuhi nzima akimwangalia ndama anavyosukuma kiwele kwa kichwa. Masika yale mvua hazikukata. Kuogesha kwa dawa ya kupe kwenye mvua ni kazi bure, dawa inasombwa, kwa hiyo nikaahirisha wiki moja, kisha ya pili. Nikajiambia ng'ombe wa ndani atapata wapi kupe. Kupe walikuja ndani ya majani. Walipanda mlima kwenye mizigo tuliyoibeba wenyewe.

Siku moja mwanzoni mwa Juni ndama hakuja kunyonya. Nilimshika chini ya sikio nikakuta mtoki umevimba kama yai la kuku, na mwingine mbele ya bega. Macho yanachuruzika machozi, mwili unachoma. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Dawa yake ipo na inafanya kazi ukiwahi. Sisi tulikuwa tumechelewa, na mtaalamu wa mifugo alipofika na kuisikiliza pumzi yake alinyamaza. Siku ya tatu povu lilitoka puani. Alikufa kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yangu, saa tisa usiku.

Asubuhi mama hakulia. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, akachuma jani la sale, akalifunga fundo. Asiyetoka kwetu nimweleze: masale ndiyo mimea ya mipaka na ya msamaha. Mtu aliyekukosea akikujia na sale huwezi kumfukuza. Mama alivuka mfereji na lile jani mkononi, mimi nyuma yake, na mbele ya mlango wa mama mdogo akalitoa kwa mikono miwili. Alisema, "Mdogo wangu, deni lako limefia mikononi mwetu." Mama mdogo alilipokea, akalichomeka kwenye ukuta wa banda lake tupu. Lilikaa pale mpaka likakauka.

Tangu siku hiyo bomba la kupulizia dawa linaning'inia mlangoni, na kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, tunasubiri ikate hata kwa saa chache tupulizie. Masikio napitisha vidole kwa mkono wangu, ndani na nje. Na majani ya pembezoni mwa njia wanakopita mifugo wengine hatukati tena.

Jike mwingine alikuja Oktoba 2021, usiku. Nilikuwa macho tangu saa mbili nikiwa na tochi. Kwato mbili zilitangulia, nyayo zikitazama chini kama inavyotakiwa, kisha pua ikiwa imelala juu ya magoti. Alipoanguka hakupumua. Mama alimfuta ute mdomoni kwa vidole, akachukua bua la mpunga akamchokoa nalo tundu la pua, mara moja, mara ya pili. Ndama akapiga chafya. Sijawahi kufurahia chafya namna ile. Kitovu tulikipaka aidini, na kabla saa moja haijapita alikuwa amepata dang'a, yale maziwa ya kwanza, tukimshikilia asianguke.

Lakini vuli ya mwaka ule haikunyesha. Wenye kumbukumbu wanajua wafugaji wa Simanjiro walivyopoteza ng'ombe mwanzoni mwa 2022. Kwetu mlimani hatukupoteza kwa idadi ile, ila mabua ya Chekereni yaligombaniwa, na aliyezoea kununua gari moja alinunua mzigo mmoja mmoja. Januari maziwa ya Subira yalishuka kutoka lita 9 hadi 4. Huku ndama lazima anywe. Hapo ndipo mimi na mama tulipokosana.

Huku kwetu tangu zamani kahawa ilikuwa ya baba, ndizi na maziwa ni ya mama. Maziwa ndiyo chumvi, sabuni, daftari na mchango wa jumuiya. Wanawake wa Nronga kule Machame walielewa hilo mapema, wakaanzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988. Na sasa nusu ya hayo maziwa yalikuwa yanaingia kwenye tumbo la ndama ambaye si wetu. Nilimwambia mama tumuuze, mwakani Subira akizaa jike mwingine tutalipa. Nilikuwa na hesabu kwenye karatasi. Nilimwonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua mundu na kamba zake akashuka. Alikuwa na miaka 68. Alirudi saa nane mchana na mzigo wa majani ya mihogo-pori na nyasi za mtaroni, magoti yanatetemeka, akautua mbele ya hori la ndama. Sikumwonyesha tena ile karatasi. Kesho yake nilishuka mimi.

Na tulishuka kila siku mpaka mvua za Machi zilipokuja, haba lakini zilikuja. Nilijifunza mambo ambayo nilipokuwa mtoto nilikuwa nabeba bila kuyajua. Kwamba unakata ukielekea nyumbani, usianzie mbali ukajichosha. Kwamba usinywe maji mengi kabla ya mlima wa mwisho. Kwamba wanawake hawaongei wakipanda, huongea kwenye lile jiwe tu, na hapo wanaongea yote. Nilianza pia kuweka hesabu nyingine daftarini, safu ya pili pembeni mwa lita: saa za miguu. Kuna wiki ambazo kila lita moja ya maziwa ilitugharimu zaidi ya nusu saa ya kutembea. Katika semina za ufugaji tunafundishwa kilo za lishe kwa lita, na ni elimu nzuri, inanisaidia. Lakini naomba wanaofundisha waulize pia nani amebeba, kutoka wapi. Familia ikijua hesabu hiyo itapanda gwatemala kwenye kila ukingo wake kabla haijaongeza ng'ombe wa pili. Baba na kaka nao watanunua kamba zao.

Mama alisema yule mtamba asipewe jina, jina atapewa na mwenyewe. Mimi kwa siri nilimwita Kadogo.

Machi 2023, mvua za kwanza zimeshanyesha, tulimpeleka. Hatua mia mbili kutoka banda hadi banda, na zilichukua saa nzima. Ng'ombe wa ndani hajui njia. Alishangaa udongo, alinusa kila mgomba, na alipofika kwenye mfereji akagoma kabisa. Maji ambayo amekuwa akiyasikia tangu azaliwe sasa aliyaona yanatembea. Tulivuta, tukasukuma. Mwishowe mama akajitwika mzigo wa gwatemala mbichi, akavuka kijidaraja mbele yake polepole bila kugeuka, na Kadogo akanyoosha shingo, akafuata harufu.

Subira alilia usiku mbili. Mama alitoka na taa kila mara, akisimama naye tu.

Siku ya tatu alfajiri mama mdogo akabisha hodi, kanga imelowa umande. "Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ila mabua ameyakataa, anayachezea tu. Nimekuja kuuliza, huku kwenu asubuhi alikuwa anakula nini?"

Mama alishachukua mundu ukutani. "Twende," alisema, "kuna majani fulani ya mtaroni anayapenda, nikakuonyeshe yanapoota." Nikawasikia wakishuka, mama anamweleza kuhusu kamba, azilaze mbili, na asisahau kuziloweka.